Mzazi, mwache mtoto akusomee picha

Ikola, Katavi. Mitumbwi inaporejea asubuhi kutoka ziwani, wa kwanza kuikimbilia ni watoto. Kwa kutazama tu jinsi mtumbwi ulivyokaa majini wanajua nani amepata na nani amerudi mikono mitupu. Wanatofautisha dagaa na mgebuka kwa mbali, wanaigiza sauti za wanunuzi wanaovutana bei na wavuvi, na mchezo wao wa jioni ni mitumbwi ya mabua yenye tanga la jani la mgomba.

Mtoto huyohuyo akikaa mbele ya mwalimu wa darasa la awali, akaonyeshwa picha ya samaki na kuulizwa ni nini, anaweza kuinamisha kichwa na kutafuna ukosi wa shati mpaka swali lihamie kwa mwenzake.

Akili anazo na maneno anayo. Asichokuwa nacho ni mazoea ya kuulizwa na mtu mzima anafikiri nini, kisha mtu mzima huyo akatulia kusikiliza jibu. Nyumbani huulizwa "umeosha miguu?", "mbuzi yuko wapi?", "nani kavunja kikombe?" Hayo ni maswali yenye jibu moja, na mengine yana fimbo nyuma yake. Swali la "wewe unaonaje?" analikuta kwa mara ya kwanza shuleni, mbele ya wenzake wengi, na wakati mwingine kwa lugha ambayo si ya nyumbani kwao.

Naandika habari za afya, na msomaji anaweza kujiuliza vitabu vya picha vinaingiaje katika safu hii. Vinaingia kupitia mlango wa zahanati. Mtoto wa miaka mitano anayeweza kusema "linaniuma hapa, linakuja na kuondoka" anamsaidia mganga kuliko yule anayelia tu huku mama akikisia. Mtoto aliyezoea kueleza alichokiona kwenye picha ana njia ya kueleza alichofanyiwa na mtu mbaya kichochoroni. Ukimya tunaousifu kuwa ni adabu huwalinda wakosaji kuliko unavyowalinda watoto. Sisemi adabu iachwe. Mtoto anaweza kusema shikamoo vizuri kabisa, kisha akaendelea kuzungumza.

Serikali nayo imeliweka jambo hili kwenye maandishi. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, maarufu kama PJT-MMMAM, ya mwaka 2021/22 hadi 2025/26. Inafuata mwongozo wa malezi jumuishi uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani (WHO), UNICEF na Benki ya Dunia, wenye nguzo tano: afya bora, lishe toshelevu, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Ukienda kliniki siku ya kupima uzito utasikia mengi kuhusu nguzo mbili za kwanza. Chanjo, uji wa lishe, chandarua. Malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali hutajwa kwa haraka, pengine kwa sababu hayana mzani wa kuyapimia.

Sungura wa jirani yetu

Kabla ya kwenda mbali kutafuta mifano, tuanze na jirani. Mpaka mwaka 2012 Katavi ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa, na Rukwa ndiko alikozaliwa John Kilaka, mchoraji wa mtindo wa Tingatinga na mtunzi wa vitabu vya picha anayejulikana nje ya nchi pengine kuliko anavyojulikana Mpanda. Kitabu chake kimoja, kilichotoka kwanza Uswisi kwa Kijerumani mwaka 2001, kinamhusu sokwe mvuvi anayepeleka samaki sokoni na mbwa anayewatamani samaki hao. Kwa mtoto wa Ikola hadithi hiyo haihitaji utangulizi. Mbwa wa namna hiyo anamjua kwa jina.

Kitabu chake kingine, kilichotoka mwaka 2009, kinasimulia ukame. Wanyama wana njaa, upo mti wenye matunda mazuri lakini matunda hayadondoki mpaka mti uitwe kwa jina lake. Anayelijua jina ni Kobe. Sungura anajitolea kwenda kumuuliza, anaambiwa yeye ni mdogo mno. Wanakwenda wakubwa, na wakubwa wanalisahau jina njiani. Mwishoni anakwenda mdogo, naye analifikisha.

Ukimsomea mtoto hadithi hiyo huna haja ya kumhutubia kuhusu kujiamini. Muulize tu: kwa nini walimkataza Sungura? Halafu kaa kimya uhesabu moyoni mpaka kumi. Kumi hiyo ni ndefu, najua, lakini ndiyo inayofanya kazi.

Katika michoro ya Kilaka wanyama huvaa nguo na kuishi kama watu wa vijijini kwetu, na rangi ni zile kali za Tingatinga, mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 1968 na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyeanza kuchora kwenye mbao laini kwa rangi za mafuta. Hilo lina maana kwa mtoto. Vitabu vingi vya picha vinavyotufikia kama msaada huonyesha theluji, mabomba ya moshi na matunda ambayo hata mwalimu hajawahi kuyala. Si vibaya mtoto kuona theluji. Ila ikiwa kila kitabu anachoshika kina nyumba isiyofanana na ya kwao na mama asiyefanana na mama yake, anaweza kujifunza kwamba vitabu ni habari za watu wengine.

Upungufu huo una historia. Hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980 iliviacha vitabu vya watoto vya Kiswahili vikiwa adimu sana. Mwaka 1991 ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Canada, ukiwaunga mkono waandishi, wachoraji na wachapishaji wa hapa na kupeleka nakala kwenye shule. Mwaka huohuo Walter Bgoya alianzisha Mkuki na Nyota, na kina Elieshi Lema na Demere Kitunga wa E&D wakafanya kazi kubwa upande wao. Kwa hiyo vitabu vipo. Tatizo la mzazi wa mwambao huu ni umbali. Katika duka la kijijini daftari na kalamu utapata, kitabu cha hadithi ni bahati.

Utafiti unasema nini

Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti ambao hadi leo unarejewa. Walichukua familia zenye watoto wa kati ya miezi 21 na 35 ambao tayari walikuwa wakisomewa vitabu vya picha. Wazazi wa kundi moja waliendelea kama kawaida yao. Wa kundi la pili walifundishwa kupunguza kusoma na kuongeza kuuliza: nini kinatokea hapa, anafanya nini huyu, kisha nini? Walifundishwa pia kuyachukua majibu ya mtoto na kuyarefusha. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto wa kundi la pili walikuwa mbele kwa miezi kadhaa katika lugha ya kuzungumza. Vitabu havikuzidi. Kilichobadilika ni nani anaongea.

Mtu atasema hiyo ni Marekani. Basi twende Khayelitsha, kitongoji maskini cha Cape Town, Afrika Kusini. Huko watafiti, akiwamo Zahir Vally pamoja na Lynne Murray na Peter Cooper, waliwafundisha walezi wa watoto wa miezi 14 hadi 16 namna ya kushirikiana na mtoto kwenye kitabu cha picha, kwa wiki nane. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha watoto hao waliongeza maneno na, jambo lililonivutia zaidi, waliweza kutuliza macho na akili kwenye kitu kimoja kwa muda mrefu kuliko wenzao.

Wa karibu zaidi ni utafiti wa vijiji vya magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2020. Walezi walipewa vitabu vya hadithi vinavyoendana na mazingira yao na kufundishwa kusoma kwa mazungumzo. Wengi wetu tungetarajia watoto wa walezi wasiojua kusoma waachwe nyuma. Haikuwa hivyo. Walinufaika angalau sawa na wale ambao walezi wao wanajua kusoma.

Hapo pana jibu kwa bibi anayerudisha kitabu kwa mjukuu akisema "mimi sikusoma, mpelekee baba yako". Bibi, picha haina herufi.

Niseme pia jambo ambalo wauzaji wa vitabu hawatalisema. Ushahidi kuhusu lugha na umakini ni mzito. Kuhusu ubunifu ni mwepesi zaidi, kwa sababu ubunifu ni mgumu kuupima kwa mtoto wa miaka mitatu, na anayekuahidi kwamba kitabu kimoja kitamfanya mwanao kuwa mvumbuzi anakuuzia maneno. Ninachoweza kusema ni kwamba mtoto anayeachiwa kuamua hadithi inakwendaje anafanya mazoezi ya kubuni, na asiyeachiwa hafanyi.

Mtihani au mazungumzo?

Chukua picha ya mtumbwi. Mzazi wa kwanza anaonyesha kwa kidole: "Hii nini? Mtumbwi. Haya sema, mtumbwi. Rangi gani? Hapana, si nyeupe, tazama vizuri." Mtoto anafunga kitabu kabla ya ukurasa wa tatu, na mzazi anahitimisha kwamba mwanawe hapendi kusoma.

Mzazi wa pili anakaa naye kwenye mkeka.

"Unaona nini hapa, mwanangu?"

"Mtumbwi."

"Ee, mtumbwi. Wa nani huu?"

"Wa babu."

"Babu anaupeleka wapi?"

"Kongo. Anakwenda kumnunulia bibi kitenge."

Kongo haikuchorwa, kitenge hakikuchorwa, na babu hayumo kwenye ukurasa. Mtoto ameviweka vyote mwenyewe. Hapo si mahali pa kusema "lakini hapa hakuna babu". Ni mahali pa kuuliza kitenge ni cha rangi gani, na bibi atasemaje akikiona.

Tofauti ya wazazi hawa haitegemei shule waliyosoma. Wa kwanza anatafuta jibu analolijua tayari. Wa pili hajui jibu, na mtoto anatambua kwamba hajui. Kwa mtoto wa miaka minne, kumweleza mtu mzima jambo ambalo mtu mzima halijui ni cheo.

Lugha isiwe kikwazo. Katika mwambao huu utasikia Kibende, Kitongwe, Kifipa, Kiha, Kisukuma na lugha za ng'ambo ya ziwa, kabla ya Kiswahili kuwaunganisha watu sokoni. Wazazi wengine huogopa kwamba wakizungumzia kitabu kwa lugha ya nyumbani watamchelewesha mtoto shuleni. Mtoto aliyezoea kusimulia, kupanga matukio na kutoa sababu katika Kibende anakwenda na uwezo huo mpaka kwenye Kiswahili. Maneno atayaongeza. Aliyefundishwa majina ya Kiswahili bila kuzungumza naye ana majina tu.

Umri nao una namna yake. Mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, karibu sawa na uso wa mama anaponyonyesha, kwa hiyo picha kubwa yenye rangi zinazotofautiana sana humtosha. Akifika miezi sita atataka kukila kitabu, mwache akishike lakini kiwe kigumu na safi. Akikaribia mwaka atanyoosha kidole. Kidole hicho ni swali, kijibu. Mtoto wa miaka miwili atataka kitabu kilekile kila siku mpaka mzazi achoke, na uchovu huo ni wa mzazi peke yake. Wa miaka mitatu na kuendelea ageuziwe kibao: yeye asome, wewe uulize.

Kitabu pia kinaweza kumwonyesha mzazi jambo la kupeleka kliniki. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa, wa mwaka na nusu asiye na neno hata moja, wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili kama "maji hapa", au aliyekuwa anaongea akaacha, apelekwe kwa mtoa huduma wa afya akaangaliwe, kuanzia masikio. Usaha wa sikio usiotibiwa humnyima mtoto usikivu polepole, huku nyumbani akiitwa mkaidi. Usingoje aanze shule.

Baba na siku za mbalamwezi

Kazi hii huachiwa akina mama, ambao tayari wanaanika dagaa, wanapika na wanafuata maji. Lakini Ikola ina nafasi ambayo miji mingi haina. Baba anayevua dagaa kwa taa hutoka jioni na kurejea asubuhi, kwa hiyo akishalala na kuamka, mchana yupo nyumbani. Na mwezi ukikaribia kuwa mpevu, uvuvi wa taa hupumzika, kwani mwanga wa taa haufui dafu mbele ya mbalamwezi. Hizo ni siku kadhaa kila mwezi. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi zilipofungwa katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ilikuwa miezi mitatu.

Nyavu hushonwa siku hizo, na mtoto huwa anachungulia pembeni. Dakika kumi zinatosha. Baba akishika kitabu, mtoto wa kiume anapata kujua kwamba kusoma si shughuli ya wanawake na walimu pekee, na mtoto wa kike anapata kusikilizwa na mwanamume bila kukatizwa. Hilo la pili nalipa uzito zaidi.

Kama hakuna kitabu dukani, tengenezeni. Katoni iliyokatwa vipande vinane, picha za magazeti na kalenda za mwaka jana, gundi ya uji mzito wa unga, au mkaa tu na kalamu za rangi. Kunjeni katikati, toboeni matundu, shoneni kwa uzi wa nyavu ambao nyumba nyingi za hapa unao. Msitumie pini za chuma kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, zitaishia kooni. Mtoto achore mwenyewe na mkubwa aandike chini ya picha maneno yaleyale aliyoyasema mtoto, bila kuyanyoosha. Akisema "samaki kakasirika amekatwa mkia", andika hivyohivyo. Siku atakapojifunza herufi darasa la kwanza, atakuta maneno yake mwenyewe yanamsubiri.

Mchoro wa ng'ombe mwenye miguu sita usisahihishwe. Uliza miguu miwili ya ziada ni ya nini. Unaweza kuambiwa kwamba ni ya kukimbilia mamba.

Wenye simu janja wana njia nyingine. African Storybook, mradi ulioanza mwaka 2014 chini ya taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, umeweka mtandaoni hadithi nyingi za picha, zikiwamo za Kiswahili, na kuzisoma au kuzipakua ni bure. Mwalimu wa awali akizipakua siku anayokwenda Mpanda anaweza kuzitumia wiki nzima kijijini. Lakini simu ishikwe na mkubwa na mazungumzo yawe yaleyale. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Mwongozo huohuo unapendekeza kwamba mtoto anapokuwa ametulia, asomewe au asimuliwe hadithi na mlezi wake.

Boston, Marekani, mwaka 1989 madaktari wa watoto katika hospitali ya jiji walianza mpango wa kumpa kila mtoto anayekuja kliniki kitabu cha picha, na daktari akimwonyesha mzazi namna ya kukitumia palepale. Mpango huo, Reach Out and Read, umeenea nchini kote kwao, na mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikawataka wanachama wake wahimize usomaji tangu uchanga. Foleni ya kliniki ya watoto hapa kwetu si fupi. Mama anasubiri, mtoto analia, ukutani pana mabango ya picha za chanjo na vyakula. Hata bango hilo ni kitabu cha ukurasa mmoja. Muuguzi akiwa na vitabu vitatu vya katoni kwenye benchi, hahitaji bajeti ya wilaya kuanza, na wakati anaandika kwenye kadi anaweza kumsikiliza mtoto akiongea na kujua mengi kuliko mzani unavyomwambia.

Vitabu vitachanika, hasa vya nyumba yenye watoto wengi. Wazazi wengine huvifungia kabatini visiharibike, na kitabu kinazeeka kikiwa kipya. Viacheni mahali mtoto anafika. Kikichanika, kishoneni pamoja naye, na kurasa zisizoshoneka zikatwe picha za kuanzia kitabu kingine.